Ombi la Kurudishiwa Foleni ya Bomba la Tisa

Wal Chuol,
Kambi ya Wachimba Mitaro,
Lodwar.
Jumapili, 15 Septemba 2013.

Kwa Mhandisi wa Maji,
Kakuma.

Ndugu Mhandisi,

KUH: FOLENI ILIYOONDOLEWA BILA WAZAZI KUULIZWA

Pokea salamu za mtu mwenye vumbi. Huenda hulikumbuki jina langu, lakini mgongo wangu unaukumbuka. Mimi ndiye yule Mnuer mrefu aliyechimba mtaro wa bomba jipya mwaka jana, yule uliyemwambia atoke ndani kila ulipokuja kupima, kwa sababu nikisimama mle mtaro ulionekana kama haujaanzwa. Tulicheka siku hiyo. Leo sichekeshi.

Naandika kwa Kiswahili nilichokiokota kwenye kambi ya wakimbizi na mitaroni. Shule niliiacha darasa la nne, au niseme shule ndiyo iliyoniacha, maana tuliamka siku moja vita vimefika na mwalimu hayupo. Kwa hiyo ukikuta neno limepinda, linyooshe kisha uendelee.

Nina binti hapo Kakuma, anaitwa Nyaruach. Ana miaka kumi na sita na yuko darasa la nane. Mwezi wa Novemba atafanya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Akipata alama mia tatu kati ya mia tano, au zaidi, kuna nafasi ya kwenda shule ya bweni. Asipozipata, mjomba wake Kong, aliye kwetu Nasir, Sudan Kusini, ameshasema kwenye simu kwamba msichana mrefu kiasi hicho amebeba vitabu vya kutosha. Anataka arudishwe, kwa sababu kuna ng'ombe wanaosubiri, na mwenye ng'ombe pia. Kong huwataja ng'ombe kwanza. Ndiyo maana nimeandika sasa, tukiwa bado na wiki nane.

Mwisho wa mwaka jana Nyaruach alipata alama mia tatu thelathini na moja. Mwezi wa Aprili mwaka huu akapata mia mbili themanini na nane. Mwezi wa Agosti, mia mbili arobaini na sita. Hata mtu wa darasa la nne anaona zinakoelekea. Nimeitafuta sababu miezi yote hii nikiwa na sururu mkononi, kwa kuwa sururu haimzuii mtu kufikiri, na hatimaye nimeipata. Sababu ni bomba lako. Malalamiko yangu ni haya:

1. Bomba jipya linatoa maji kwa kasi isiyo na huruma kwa watoto wa shule. Bomba la zamani lilikuwa na subira. Koki zake zilikuwa nne na iliyokuwa hai ni moja, nayo ilijaza mtungi wa lita ishirini kwa dakika tisa. Nilizipima kwa saa ya jirani. Maji yalifunguliwa saa kumi jioni, watoto wakishatoka shuleni, na kwa kawaida tulikuta mitungi ishirini mbele yetu. Nyaruach alikalia mtungi mmoja, mimi nikakalia mwingine, kitabu kikawa magotini mwake. Dakika tisa ni ukurasa mmoja wa sayansi ukisomwa kwa sauti na bila haraka. Mitungi ishirini ni kurasa ishirini. Mtu akiingiza mtungi wake mbele kwa ujanja, tulipata ukurasa wa ishirini na moja bila kuuomba.

Mimi kazi yangu ilikuwa ndogo. Niliuliza, "Halafu?" Sikuuliza ili nimpime. Niliuliza kwa sababu vita vilipofika shuleni kwetu, tulikuwa kwenye somo la chakula kinavyosafiri tumboni, na mwalimu alikuwa amekifikisha kwenye mfuko wa tumbo tu. Nimeishi zaidi ya miaka ishirini chakula kikiwa kimekwama pale. Mwisho wake naujua kama kila mtu anavyoujua, lakini njia ya katikati sikuwahi kufundishwa. Nyaruach ndiye aliyenipitisha kwenye utumbo mwembamba, tukiwa wa saba kutoka kwenye koki.

Sasa koki ni sita, zote hai, na mtungi unajaa kabla hujamaliza kumsalimu aliye mbele yako. Naomba uniambie, Ndugu Mhandisi, ni ukurasa gani unaosomeka kwa muda huo. Labda jalada.

2. Foleni ilikuwa na kitu ambacho nyumbani hakipo: huwezi kuondoka. Ukiondoka umepoteza zamu. Mtoto wa miaka kumi na sita ukimwambia akae asome, miguu yake husikia kwanza na masikio baadaye, lakini mbele ya koki hata Nyaruach alitulia. Saa tatu, kila siku, miezi kumi na saba. Ni mwalimu gani amewahi kumweka pale muda huo?

Utaniambia nimpe mazingira mazuri. Hilo nimelifanya. Mwezi wa Januari, kabla sijaja Lodwar, shule ilituita wazazi, na mama mmoja aliyesomea mambo ya vijana akatufundisha vitu vinne: mahali pa utulivu, meza, taa na ratiba. Niliviandika mkononi kwa kalamu ili visipotee njiani. Nikatengeneza meza kwa mbao za kontrakta wa bomba. Nikatafuta taa ya jua. Nyaruach akachora ratiba ya rangi tatu, na uchoraji huo ukamchukua siku mbili.

Hivi leo mezani dada yangu Nyadak, anayeishi na Nyaruach, anakandia unga. Taa inachaji simu za majirani, na jirani mmoja amelalamika kwamba haichaji haraka. Ratiba ipo ukutani na inaheshimiwa sana. Hakuna anayeigusa. Utulivu nao umepatikana, kwa sababu msichana mwenyewe hayuko nyumbani. Anajaza mitungi minne kwa dakika kumi, anaitua mlangoni, na saa tatu zilizobaki anazipeleka kusukwa nywele, au kutazama simu ya rafiki yake, au kwenye banda la video anakojifunza majina ya wachezaji wa Uingereza. Nimemwuliza kwenye simu mji mkuu wa nchi jirani, akanijibu jina la golikipa.

3. Pamoja na foleni, tumepoteza walimu. Mbele yetu mara nyingi alikuwepo mama mmoja Mkongomani ambaye hakuvumilia Kiswahili kibaya kinachosomwa mgongoni mwake. Nyaruach akisoma insha, mama huyo aligeuka na kumwambia, "Mwanangu, umesema jua lilichomoza mara tatu na bado ni asubuhi." Nyuma yetu alikuwepo Shamso, Msomali aliyeuza sukari, ambaye hakuwahi kuingia darasani lakini hesabu za kugawanya alizimaliza kichwani kabla kalamu haijapatikana, kisha akatudharau kidogo. Hata ugomvi ulifundisha. Wanawake wawili waligombania zamu siku moja, kila mmoja na mashahidi wake, na wiki hiyo Nyaruach akaandika insha kuhusu haki iliyosomwa mbele ya darasa zima.

Siku hizi, naambiwa, watu bombani wanasalimiana na kupita. Hakuna anayejua mwenzake ametoka wapi. Amani hiyo ni nzuri, lakini haina mtihani ndani yake.

4. Hili la nne linanihusu mimi, na nitaliandika bila kujificha. Kwetu mwanamume hapangi foleni ya maji. Hapangi Nasir na hakupanga Kakuma, mpaka nilipopanga mimi. Mama yake Nyaruach alirudi Sudan Kusini na wadogo zake mwezi wa Agosti, mwaka wa uhuru, kuangalia kama nyumba bado inasimama. Tukakubaliana mimi na Nyaruach tubaki ili amalize shule. Wiki ya kwanza alikwenda bombani peke yake na akarudi jioni na mtungi mmoja na mkwaruzo shavuni, maana waliokuwa wakubwa walimsukuma. Wiki ya pili nikaenda naye.

Wazee wa mtaa wetu waliniuliza kama nimeanza kunyonyesha. Nyadak, dada yangu wa damu, alisimama katikati ya wanawake wote na kuniambia, "Wal, ukimaliza kuteka maji uje unisuke." Nikamwambia nywele zenyewe hana. Foleni nzima ikacheka, yeye zaidi ya wote, na kesho yake akanirudia na lingine. Nilizoea. Baada ya miezi mitatu walinizoea pia, wakawa wananipa mitungi yao niilinde, na tangu hapo hakuna aliyemsukuma Nyaruach.

Ninachosema ni kwamba aibu hiyo niliibeba miezi kumi na saba kwa ajili ya elimu, na sasa imekuwa bure. Siku moja umefungua koki sita na wazee wamebaki na utani wao mikononi, hawana pa kuupeleka.

5. Nakiri jambo moja kabla halijasemwa na mwingine. Mtaro wa bomba hilo nimeuchimba mimi. Si wote, lakini kipande cha kutoka tangi la juu hadi korongo la mchanga ni cha mikono yangu. Nilikichimba kwa bidii. Nilichukua kazi hiyo kwa sababu ya Nyaruach, ili nisiwe mtu anayekalia mtungi tu. Kontrakta akaniona nachimba kama watu wawili, na kazi ya hapo ilipokwisha akaniombea karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, akanileta huku Lodwar kuchimba mtaro mwingine. Kwa hiyo ukitaka kumtafuta aliyemharibia mtoto wangu masomo, mjue kwanza ni nani, halafu ujue amepiga kambi wapi. Msimamizi wetu hapa, Lokwang, ananisalimu kila asubuhi kwa Kiturkana, "Ejok, profesa," kwa sababu wakati wa chakula nasoma magazeti yaliyofungiwa mkate. Sijamweleza kwamba huku nako, nikimaliza, kuna foleni itakayokufa. Mwenye mtoto wa darasa la nane hapa Lodwar anisamehe.

Baada ya hayo, naleta maombi yangu.

Naomba kwanza upunguze nguvu ya maji, urudi kwenye zile dakika tisa. Kama ni shida, dakika saba zitatosha, Nyaruach atasoma kwa haraka kidogo.

Kama hilo haliwezekani, funga koki tano. Watu wakiuliza, sema zinangoja vipuri. Neno hilo linaeleweka kambini na hakuna atakayeuliza mara ya pili.

Kama nalo haliwezekani, basi bomba lipasuke. Mimi sitalipasua, nina heshima na kazi yangu. Nasema tu kwamba karibu na korongo, penye jiwe jeusi, nilikutana na mwamba na siku hiyo mgongo uliniuma, kwa hiyo pale bomba limelala juu juu kama mtu asiye na usingizi. Lori moja likikosea njia litatosha. Sikukwambia wakati ule kwa sababu ulikuwa umenitoa mtaroni ili upime, na ulipima upande wa pili.

Na kama hata hilo ni zito, nina pendekezo kubwa linalofaa ofisi zote na si yako pekee. Foleni za Kakuma zipangiwe madarasa. Foleni ya maji ichukue shule ya msingi. Foleni ya unga, ambayo ni ndefu na ina jua kali, ichukue kidato cha kwanza hadi cha nne. Foleni ya hospitali ifundishe sayansi, mifano ipo papo hapo. Foleni ya kubadilisha karatasi ya ruhusa ifundishe sheria. Ile ya kusubiri kupelekwa nchi za nje iwe chuo kikuu, kwa maana namjua mtu aliyejiandikisha akiwa na meno yote, na angekuwa amesomea udaktari, ameumaliza, amestaafu, na bado jina lake halijasomwa. Mimi mwenyewe nina miaka kumi na moja hapo. Lokwang asingekuwa ananitania.

Utaona kwamba siombi kitabu, siombi mwalimu, siombi jengo. Mengine yote kambini watu wanaomba yaongezwe. Mimi peke yangu naomba jambo lirudi kuwa baya kama lilivyokuwa, na nadhani ni ombi ambalo ofisi inaweza kulitimiza bila kikao.

Naomba ulifikirie kabla ya Novemba. Baada ya Novemba Kong atakuwa ameshapiga simu, na ng'ombe hawana foleni.

Nisalimie fundi wa mita na yule dereva aliyenipa maji yake ya kunywa siku ya mwamba. Nisalimie mlinzi wa tangi, mwambie koti lake ninalo. Msalimu dada yangu Nyadak ukimwona bombani. Utamjua, ndiye atakayekuwa anacheka. Wasalimu wanawake wote wa Bomba la Tisa, waliokuwa mbele yetu na waliokuwa nyuma, na uwaambie mtu wao wa mitungi bado mzima.

Ni mimi niliyekuchimbia,

Wal Chuol

N.B. Jumanne, 17 Septemba.

Ndugu Mhandisi, barua hii nilikuwa naifunga jana jioni nikaona si vizuri kumsemea mtoto bila yeye kujua. Nikampigia Nyaruach simu nikamsomea yote, kuanzia vumbi hadi mwisho. Alicheka kwenye nywele za shangazi yake. Nilipomaliza akasema, "Baba, hiyo barua ni noma. Usiitume."

Nikamwuliza kwa nini, na kama nimekosea hesabu za dakika.

Akasema hesabu ziko sawa. Akasema foleni ipo, kambini foleni haziishi, na yeye alishaijaribu. Mwezi wa Machi alichukua mtungi na kitabu cha sayansi akaenda kukaa kwenye foleni ya unga, saa nne nzima, kwenye jua. Alisoma ukurasa mmoja kwa sauti kama tulivyozoea. Akafika chini. "Nikangoja," akasema. "Hakuna mtu aliyeuliza."

Akafunga kitabu, akampa mama mmoja akikalie.

Nikamwuliza ukurasa huo ulikuwa unahusu nini. Akasema moyo na damu. Nikamwuliza damu ikishaingia upande wa kulia inakwenda wapi. Akasema kwenye mapafu. Nikasema, halafu? Tukaendelea hivyo mpaka simu ikakatika, na damu ilikuwa bado haijarudi.

Kwa hiyo futa maombi yote, la kwanza hadi la mwisho. Sikuandika upya kwa sababu karatasi zimekwisha, na hizi nilizipata kwa taabu. Koki ziache sita. Pale penye jiwe jeusi tuma mtu afukie vizuri, au ningoje, nitakuja kufukia mwenyewe. Karatasi yangu ya ruhusa inakwisha tarehe thelathini na sitaomba nyingine. Lokwang nimemweleza leo asubuhi. Alisema zimebaki mita mia sita. Nikamwambia maji ya Lodwar yatafika bila mimi, akaniambia, "Nenda, profesa, mtihani haungoji."

Nakuomba jambo moja tu. Kuanzia tarehe mosi Oktoba, saa kumi jioni, watu wako wakituona mimi na binti yangu tumekaa kando ya Bomba la Tisa juu ya mitungi miwili mitupu, na maji yanatoka, na hakuna mtu mbele yetu, wasiite fundi. Bomba halitakuwa na shida yoyote.